Al-Inkishafi: Tiba ya Moyo kwa Taswira za Maumbile

Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa dhamira ya Al-Inkishafi hujibu kwa sentensi moja: dunia ni ubatili. Jibu hilo si kosa, ila halielezi jinsi utenzi unavyofanya kazi yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate katika visiwa vya Lamu, anautibu moyo wake mwenyewe, na dawa yake ni kuutazamisha maumbile. Makala haya yanaonyesha kwamba tiba hiyo ina hatua mbili: tashbihi, kisha taswira.

Mgonjwa ni nani?

Msemewa ni moyo. Nafsineni inausuta kwa kughurika na dunia. Toni ni ya kukemea, lakini ina huruma ndani yake, kwani mganga na mgonjwa ni mtu mmoja.

Hatua ya kwanza: tashbihi

Mtunzi anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka yenye matumbawe, na vumbi lionekanalo katika mwangaza wa jua ambalo mtu hawezi kulishika, na mazigazi yanayomhadaa mwenye kiu. Umri wa mwanadamu ni taa iliyowekwa penye upepo. Tamathali hizi zimetoka katika maisha ya kisiwani. Baharia wa Pate hakuhitaji kuelezwa hatari ya mwamba. Hata hivyo, hii ni mifano tu. Moyo unaweza kuisikia na kuipuuza.

Hatua ya pili: taswira

Ndipo moyo unapoelekezwa kwenye majumba ya matajiri wa Pate. Hapa maumbile si mfano tena, yamehamia nyumbani. Katika vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure wamelala makinda ya ndege. Bundi analia katikati ya nyumba. Mende na nyenje wanasikika katika kumbi zilizojaa wageni zamani. Mtahiniwa atambue kwamba nyingi za taswira hizi ni za sauti: vumi la watu limeondoka, la wadudu limeshika nafasi yake.

Mwalimu afafanue pia ujenzi wa majumba hayo. Kuta zilikuwa za matumbawe na chokaa, dari zikashikiliwa na boriti za mikoko. Nyumba za aina hiyo zingali katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia za UNESCO mwaka 2001. Matumbawe yanayovunja vyombo baharini ndiyo yaliyojenga fahari ya nchi kavu. Utenzi hausemi hivyo waziwazi, lakini msomaji anayejua ujenzi huo huona kwamba katika magofu maumbile yanachukua kilicho chao.

Pingamizi

Mtu anaweza kusema kwamba bundi na mende ni alama za hasara, na kwamba utenzi unaishia kwenye Akhera na adhabu, si kwenye mazingira. Pingamizi hili lina uzito. Si haki kumfanya Sayyid Abdalla mtetezi wa mazingira wa siku hizi. Lakini tiba si lazima iwe faraja. Moyo unaougua kiburi hauponi kwa kubembelezwa. Huanza kupona unapoonyeshwa kwamba ndege ataatamia mayai pale pale ulipojivunia sahani zako.

Ulinganisho

Mwana Kupona binti Mshamu, naye wa Pate, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Kwake anayeugua ni mwili, na sanaa ni faraja: anampa bintiye utenzi kama hirizi, na kama kidani cha lulu na marijani. Vitu vya baharini vimekuwa pambo la mapenzi ya mama. Mmoja anatumia maumbile kuvunja kiburi, mwingine kufunga mapenzi.

Hitimisho

Tukifundisha Al-Inkishafi kama orodha ya mawaidha, tunampa mwanafunzi dawa bila kumweleza inavyoponya. Aanze na makinda yaliyo kidakani, kisha aulize yanauambia nini moyo.

Maswali ya kudurusu

1. Fafanua tofauti ya matumizi ya maumbile kama tashbihi na kama taswira katika Al-Inkishafi. (alama 10)
2. "Tiba si lazima iwe faraja." Jadili ukirejelea Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona. (alama 20)