Uteuzi hafifu wa maneno msingi wazika kazi za Kiswahili mtandaoni

MWISHONI mwa ikisiri ya takriban kila makala ya kitaaluma inayoandikwa siku hizi pana mstari mfupi ambao wengi huupita bila kuusoma. Mstari huo hubeba maneno manne au matano yanayoitwa istilahi muhimu, maneno makuu au maneno msingi. Aghalabu waandishi huujaza dakika za mwisho, kama mtu anayekumbuka kutia chumvi mchuzi ukiwa tayari mezani. Leo ninakusudia kuuhakiki mstari huo, kwa sababu ninaamini kwamba huchangia pakubwa kuamua iwapo kazi itasomwa au itazikwa ingali hai.

Chukulia mfano wa tasnifu inayochunguza nyimbo za vave, zile ambazo wakulima wa Kibajuni kule Lamu huziimba wanapochoma mashamba kabla ya kupanda. Hii ni mada adimu na yenye thamani kubwa. Sasa tuseme mwandishi wake anaorodhesha maneno msingi haya: Kiswahili, fasihi simulizi, utamaduni, jamii, Afrika. Hakuna hata moja lililo kosa. Hata hivyo, vave hamna, Wabajuni hawamo, na Lamu imeachwa nje. Mtafiti aliye Mombasa, Zanzibar au Helsinki akiandika 'nyimbo za vave' kwenye simu yake, orodha hiyo haimsaidii hata chembe.

Kosa hili lina maelezo ya kinadharia, tena ya zamani. Mnamo 1972, msomi Mwingereza Karen Spärck Jones alichapisha makala iliyoeleza kwamba uzito wa neno katika utafutaji hutegemea uadimu wake katika mkusanyiko mzima wa matini. Neno linalopatikana katika kila matini halitofautishi chochote na chochote. Lile linalopatikana katika matini chache ndilo linalotuongoza moja kwa moja hadi tunakotaka. Wazo hilo jepesi lilikuja kuwa mojawapo ya nguzo za taaluma ya utafutaji wa maarifa kwa kompyuta.

Lipime wazo hilo kwa kipimo cha mtaani. Ukiingia Gikomba ukauliza, "Nguo ziko wapi?" watakucheka, maana soko lote ni nguo. Uliza ziliko sare za shule au makoti ya watoto, na utaelekezwa mara moja. Basi katika jarida la taaluma za Kiswahili, neno 'Kiswahili' ni sawa na 'nguo' pale Gikomba. Limo katika kila makala. Kuliorodhesha kama neno msingi ni kupoteza nafasi moja kati ya tano ulizopewa.

Hoja hii haiwahusu wasomi pekee. Inamhusu mchapishaji mwenye tovuti ya vitabu, mwalimu anayeweka maelezo ya ngeli mtandaoni, malenga anayetaka tungo zake zifike mbali, na hata daktari anayewaelimisha wagonjwa kwa Kiswahili. Wote hawa hulalamika kwamba wageni hawatembelei tovuti zao. Ukizichunguza, mara nyingi utakuta ya kusomwa yamo, tena ya kutosha, ila jina lililoandikwa mlangoni silo analolijua mgeni.

Tatizo la kwanza ni ukinzani kati ya istilahi sanifu na neno la watu. Sisi wapenzi wa lugha tunaandika 'shinikizo la damu', ilhali mama aliye kijijini anatafuta 'presha'. Tunaandika 'saratani', naye anaandika 'kansa'. Tunaandika 'homa ya matumbo', naye anaandika 'taifodi'. Hapa kinachopotea ni zaidi ya idadi ya wageni wa tovuti. Mtu mwenye wasiwasi usiku wa manane anaweza kuikosa makala sahihi iliyoandikwa na mtaalamu, akaangukia ile ya muuza dawa za miujiza, kwa sababu tu yule muuza dawa anaongea kama yeye.

Je, basi tuzitupe istilahi zetu? La hasha! Dawa yake tunayo tangu jadi, na watunga kamusi wameitumia miaka yote. Kamusi nzuri haimfungii mlango anayekuja na kisawe. Humwelekeza kwenye neno alilokuwa akilisaka. Andika katika aya ya kwanza: 'shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha'. Kwa sentensi moja umemkaribisha mgonjwa, umemfunza istilahi, na umeupa mtambo wa utafutaji majina mawili ya kitu kimoja. Vivyo hivyo kwa 'tarakilishi' na 'kompyuta', 'kipakatalishi' na 'laptopu', 'runinga' na 'televisheni'. Anayeshikilia jina moja kwa ukaidi, eti ndilo fasaha zaidi, asishangae akibaki na ufasaha wake peke yake.

Tatizo la pili ni utata wa maneno, na hapa nina mfano ambao kila mwalimu wa shule ya upili nchini anaufahamu. Tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo, ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE. Lakini kigogo pia ni mtu mwenye mamlaka makubwa. Kigogo ni lugha ya Wagogo wa Dodoma. Kigogo ni mtaa jijini Dar es Salaam. Mwalimu aliyeipa makala yake anwani 'Uchambuzi wa Kigogo' alikuwa akishindania nafasi na wanasiasa, wanaisimu na madalali wa nyumba. Angeandika 'Tamthilia ya Kigogo: maudhui na wahusika', angewaepuka wote hao. Linganisha na riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri. Mtu anayeandika maneno hayo matatu kwa mfuatano huo hana uwezekano mkubwa wa kuwa anatafuta kitu kingine.

Utata huu hutatuliwa na sarufi yetu wenyewe, jambo ambalo washauri wengi wa biashara ya mtandaoni hawalioni kwa kuwa ushauri wao umezoea Kiingereza. Wao husema viunganishi vidogo havina maana, viondolewe. Kwa Kiswahili ushauri huo una hatari. 'Mbuzi wa' na 'mbuzi ya' si kitu kimoja. Wa kwanza hufugwa, ya pili hukuniwa nazi. 'Tembo wa Tsavo' na 'tembo la mnazi' hawakutani popote. Upatanisho wa kisarufi hubeba maana, na anayeung'oa ili abakie na neno tupu anaurejesha utata ambao lugha ilikuwa imekwisha kuuondoa.

Tatizo la tatu ni umbo la maneno. Kiingereza huongeza herufi chache mwishoni mwa neno, hivyo mwanzo wake hubaki ukitambulika. Kiswahili hupachika mwanzoni na mwishoni. Kutokana na mzizi mmoja -som- tunapata kusoma, atasoma, tulipokuwa tukisomeshwa, usomaji, msomi, wasomaji. Atafutaye neno katika kamusi hulazimika kwanza kuvua viambishi hivyo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kushughulikia kazi hiyo kwa kompyuta katika miaka ya 1980, na programu yake ya SALAMA ilidhihirisha kwamba mashine inaweza kufunzwa mofolojia ya Kiswahili. Lakini mwandishi wa tovuti hana haja ya kuisubiri mashine imbashirie. Ajiulize mtafutaji hutumia umbo gani. Hakuna anayeandika 'twapikaje pilau'. Watu huandika 'jinsi ya kupika pilau', 'maana ya sitiari', 'dalili za malaria', 'faida za mbaazi'. Kitenzi-jina, nomino na kihusishi -a ndivyo vinavyotawala. Aidha, palipo na umoja na wingi tofauti, kama shairi na mashairi au mwalimu na walimu, yafaa yote mawili yajitokeze katika matini pasipo kulazimishwa.

Nimesema pasipo kulazimishwa kwa makusudi. Maana wapo wanaodhani kwamba wakilirudia neno mara hamsini mashine itawapenda. Zipo kurasa za methali ambazo kila sentensi inasema 'methali za Kiswahili', kisha aya inayofuata inaanza 'methali za Kiswahili', hadi msomaji anahisi kizunguzungu. Wenye kurasa hizo wasijitetee kwamba ni takriri. Takriri katika ushairi hujenga hisia au msisitizo, ilhali huku ni kupayuka. Isitoshe, mbinu hiyo imepitwa na wakati. Mnamo Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haitumii kabisa orodha ya maneno msingi inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa katika kupanga matokeo yake. Mwaka wa 2011 ilileta mabadiliko yaliyopewa jina Panda, yaliyozishusha tovuti zenye maandishi mengi yasiyo na manufaa. Ajabu ni kwamba hadi leo wapo wanaotoza fedha kwa kuifanya kazi hiyo hiyo ya kurundika maneno.

Swali linalofuata ni la haki: mtu atayajuaje maneno ya watafutaji? Jibu langu huenda likawafurahisha wanafunzi wa isimu wanaoambiwa kwamba shahada yao haina soko. Kazi hii ni yenu! Ni kazi ya kusikiliza matumizi ya lugha, kuyakusanya na kuyapanga, jambo ambalo tumelifanya siku zote katika isimujamii na leksikografia.

Vifaa vipo na vingi havilipiwi. Ukianza kuandika neno katika kisanduku cha Google, mapendekezo yanayojitokeza hutokana kwa kiasi kikubwa na yale ambayo watu wengine wameyatafuta. Huo ni ushahidi wa matumizi. Google Trends, iliyoanzishwa mwaka wa 2006, hukuwezesha kulinganisha maneno mawili na kuona lipi linatafutwa zaidi Kenya na lipi Tanzania. Naye mwenye tovuti anaweza kutumia Search Console kuona maneno hasa yaliyowaleta watu kwake. Pale ndipo mtu hugundua kwamba makala aliyoiita 'Dhana ya upatanisho wa kisarufi' inafikiwa na watu walioandika 'ngeli ya ki-vi mifano'. Hiyo ni habari njema. Inamwambia aandike nini baadaye, na mifano mingapi aongeze.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Vifaa hivi hutegemea wingi wa watafutaji, na wanaotafuta kwa Kiswahili bado ni wachache kuliko wa Kiingereza. Kifaa kikikuambia kwamba neno lako halina watafutaji wa kutosha, usikimbilie kuhitimisha kwamba halina maana. Google yenyewe imesema mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayoyapokea kila siku ni mapya, hayajawahi kuulizwa. Anayeandika tu kuhusu yale ambayo kifaa kimeyahesabu ataandika yale yale ambayo kila mtu ameshayaandika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoufanya umaarufu wa neno kuwa kigezo pekee. Kwa mantiki yao, tusiandike kuhusu vave kwa sababu watafutaji ni wachache. Tuandike kuhusu nyota wa soka na mapenzi yao. Lakini wanaotafuta jambo mahususi hujua wanachokitaka, na wakikipata hukaa, husoma na hurudi. Wageni kumi waliokuja kutafuta kile ulicho nacho wana manufaa kuliko elfu moja waliopotea njia wakaondoka baada ya sekunde tatu. Tena, maneno mengi mahususi yakijumlishwa, kila moja na wageni wake wachache, huweza kuzidi neno moja maarufu ambalo tovuti kubwa zimeshalitwaa.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mitambo ya leo, ikiwemo ile inayojibu maswali kwa kutunga sentensi, hujifunza lugha kutokana na maandishi inayoyapata. Kazi zetu bora zikikaa katika rafu za maktaba, au zikiwekwa mtandaoni kwa anwani zisizotaja kilichomo, Kiswahili kitakachofunzwa mashine ni kile cha wanaorundika maneno na wanaotafsiri kwa pupa. Kisha tutalalamika kwamba mashine zinaboronga Kiswahili. Zitakuwa zimetoa wapi kizuri?

Kwa hivyo nina pendekezo kwa wahariri wa majarida, wasimamizi wa tasnifu na wenye tovuti. Kabla ya kuidhinisha maneno msingi, ulizeni maswali matatu. Kwanza, je, neno hili linaitofautisha kazi hii na nyingine zilizo karibu nayo? Kama halifanyi hivyo, liondoke. Pili, je, asiye mtaalamu hukiita kitu hiki jina gani, na jina hilo limo ndani ya matini? Tatu, je, mahali, watu, utanzu na kitabu kinachozungumziwa vimetajwa kwa majina yao? Maswali haya hayagharimu hata senti. Ile tasnifu ya vave ingeyapitia, ingeondoka na maneno haya: nyimbo za vave, Wabajuni, Lamu, kilimo cha jadi, fasihi simulizi ya pwani. Mtafutaji angejua mara moja kwamba amefika.