Bwege ni nani: mhusika au ulimwengu wake?

Wahakiki wetu wamezoea kuziita tamthilia za mkondo wa Samuel Beckett 'tamthilia za kibwege'. Istilahi hiyo imekita mizizi vyuoni, lakini mimi inanikera. Bwege, kwa Kiswahili cha kila mtu, ni mpumbavu. Mwanafunzi akiisikia hudhani ameitwa kuwacheka watu wasio na akili.

Tuchukue Amezidi (1995), tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar. Wahusika wakuu ni wawili, Ame na Zidi. Yaunganishe majina yao upate kauli ya mtu aliyechoshwa. Ni mafukara wa pangoni wanaotegemea jaa kwa chakula. Mazungumzo yao huenda yakirudi, kweli. Lakini watege sikio: wanabishana, wanajua fika kwamba wana njaa. Akili wanazo. Kilichokosa akili ni hali iliyowafikisha hapo.

Ukitaka ithibati, huna haja ya kwenda Paris, ambako Waiting for Godot iliigizwa mara ya kwanza mwaka wa 1953, kwa Kifaransa. Panda matatu ya Dandora, hapa hapa Nairobi. Jaa la Dandora lilitangazwa kwamba limejaa mwaka wa 2001. Malori hayakukoma kumwaga. Lugha yenyewe inakejeli: jaa limejaa, na bado linajazwa! Nimeutungia mtaa huo mchezo wa waigizaji wawili, maneno manane tu:

– Imejaa?
– Imejaa.
– Sasa tunamwaga wapi?
– Si hapa tu.

Basi, pazia. Najua walinzi wa sarufi watadai 'limejaa'. Sawa, ila wahusika wangu wakisema hivyo watakuwa wamehama Dandora. Mchezo mfupi namna hii hauna nafasi ya kueleza mhusika ni nani. Lafudhi na ngeli zake ndizo zinazomtambulisha. Tena hakuna bwege hata mmoja kati yao. Anayeuliza ameuliza swali la maana, na anayejibu amesema kweli tupu. Upuuzi uko nje ya midomo yao.

Ndiyo maana jina la mkondo huu si suala dogo. Mtoto wa Dandora au Korogocho anapoagizwa darasani ajadili 'ubwege wa Ame na Zidi', anamkumbuka jirani yake anayeokota chupa jaani alfajiri ili alipe kodi ya nyumba. Je, huyo ndiye bwege? Tumemfunza mtoto kumdharau jirani, na aliyestahili kuulizwa maswali tumemwacha akapita.

Napendekeza 'tamthilia ya muhali'. Muhali ni jambo lisilowezekana. Waswahili husema jambo hili ni muhali. Hawasemi mtu huyu ni muhali. Jina hilo linaitupa lawama panapostahili. Mwenye neno bora zaidi na alilete, mradi lisimtukane aliye jaani.