Njia ya Fedha na Majengo Yasiyokamilika: Funzo la Soko la Nyumba la China

Mradi wa nyumba huhesabiwa kuwa umetelekezwa pale ujenzi unaposimama kwa muda mrefu baada ya wanunuzi kuanza kulipa, na pasibaki mtu mwenye fedha za kuumaliza wala anayeweza kulazimishwa kuumaliza. Mara nyingi lawama huangukia uzembe wa mkandarasi au kupanda kwa bei ya saruji, lakini mfano wa China, ambako tatizo hili lilienea katika miji mingi baada ya mwaka 2020, unaonesha kwamba chanzo kikubwa kimo katika njia inayopitiwa na fedha za mnunuzi kabla hazijafika kwenye zege na nondo. Anayetaka kuelewa kwa nini jengo limesimama hana budi kuifuatilia njia hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni mauzo ya awali, yaani utaratibu wa kuuza nyumba ingali katika ramani au ikiwa imeanza tu kuinuka. China iliupata utaratibu huu kutoka Hong Kong, ambako ulikuwa ukitumika tangu miaka ya 1950, na ikauweka katika sheria ya mali isiyohamishika ya mijini ya mwaka 1994. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwendelezaji, yaani kampuni inayopata ardhi, kuajiri mkandarasi na kuuza nyumba, anaruhusiwa kuuza mapema endapo amelipa gharama yote ya haki ya kutumia ardhi, ana kibali cha mipango miji, na tayari ametumia angalau asilimia 25 ya mtaji wote wa mradi. Sheria ilisema pia kwamba fedha zitakazopatikana lazima zitumike katika ujenzi unaohusika. Sharti hili la mwisho ndilo lililobeba usalama wa mnunuzi, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kusimamia.

Ili sharti hilo litekelezwe, mwaka 2010 serikali kuu iliagiza kwamba fedha zote za mauzo ya awali ziingizwe katika akaunti ya amana inayosimamiwa, ambayo mwendelezaji hawezi kuichota apendavyo, bali hutoa fedha kulingana na maendeleo ya kazi. Hata hivyo, kanuni za kina ziliachiwa miji, na miji mingi ilizuia tu kiasi kilichokadiriwa kutosha kumaliza jengo, huku ziada ikiachwa huru. Makadirio yalipokuwa madogo, au usimamizi ulipolegea kwa sababu mapato ya mji wenyewe yalitegemea kuuza ardhi kwa waendelezaji haohao, fedha za mradi mmoja zilihamishiwa makao makuu ya kampuni na kutumika kununua ardhi ya mradi mwingine. Hatari hii haikuwa siri, kwani mwaka 2005 Benki Kuu ya China ilipendekeza katika ripoti yake kwamba kufutwa kwa mauzo ya awali kufikiriwe, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa.

Agosti 2020 serikali iliwawekea waendelezaji mipaka mitatu ya ukopaji, iliyofahamika kama mistari mitatu myekundu: madeni yasizidi asilimia 70 ya mali, madeni halisi yasizidi mtaji wa wenye kampuni, na fedha taslimu zisipungue madeni ya muda mfupi. Lengo lilikuwa jema, lakini katika kukokotoa mpaka wa kwanza malipo ya awali ya wanunuzi hayakuhesabiwa kuwa deni. Kwa hiyo kampuni zilizobanwa na benki zilibaki na chanzo kimoja kikubwa ambacho hakikuzibwa, nacho ni akiba za familia. Kampuni ziliendelea kuuza nyumba mapema ili kulipa madeni ya zamani, na mauzo yalipoanza kushuka mwaka 2021 mzunguko huo ulikatika.

Evergrande, kampuni ya uendelezaji wa nyumba iliyoanzishwa mwaka 1996 mjini Guangzhou, ilishindwa kulipa dhamana zake za nje ya nchi Desemba 2021. Hesabu zake za mwisho wa mwaka 2022 zilionesha madeni ya takriban yuan trilioni 2.44, na mgawanyo wake unaeleza mengi: mikopo ilikuwa karibu yuan bilioni 612, madai ya wakandarasi, wauza vifaa na wadai wengine yalifika kama trilioni moja, na fedha za wanunuzi ambao nyumba zao hazijakabidhiwa zilikuwa takriban bilioni 721. Kwa maneno mengine, wanunuzi wa kawaida walikuwa wameikopesha kampuni fedha nyingi kuliko wakopeshaji wake rasmi, bila riba na bila kujua kwamba wanakopesha. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni hiyo ifilisiwe.

Mzigo wa mnunuzi ulizidishwa na mkopo wa nyumba. Agizo la benki kuu la mwaka 2003 lilitaka benki zimkopeshe mnunuzi baada tu ya kiunzi kikuu cha jengo kukamilika, lakini wanunuzi wengi walilalamika kwamba mikopo yao ilitolewa mapema zaidi, tena nje ya akaunti inayosimamiwa. Marejesho yakaanza kabla nyumba haijawa na paa, na wengi wakalazimika kulipa kodi ya pango na mkopo kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa Juni 2022 wanunuzi wa mradi mmoja mjini Jingdezhen walitangaza kwamba wangesitisha marejesho endapo ujenzi hautaendelea, na katika wiki chache wanunuzi wa miradi zaidi ya 300 wakachukua msimamo huohuo.

Jengo lililosimama nalo haliwi salama kwa kusubiri. Nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, kutu huongeza ujazo wake na kupasua zege linaloizunguka, na maji hujaa katika ghorofa za chini ya ardhi, hivyo kabla ya kazi kurejea ni lazima wahandisi wapime upya uimara wa nguzo na mihimili. Gharama hiyo haimo katika bajeti ya mtu yeyote. Mjini Kunming, Agosti 2021, minara 15 iliyokaa miaka kadhaa bila kukamilishwa ililipuliwa kwa baruti, kwa kuwa kubomoa kulionekana kuwa afadhali kuliko kumalizia.

Uokoaji ulianza na mikopo maalumu ya yuan bilioni 200 kupitia benki za serikali mwaka 2022, lakini badiliko la msingi lilikuja Januari 2024, ulipoanzishwa utaratibu wa kuidhinisha fedha kwa mradi mmojammoja badala ya kwa kampuni. Kwa utaratibu huo mradi unaostahili unaweza kufadhiliwa hata kama mmiliki wake ana hali mbaya, na fedha hubaki katika eneo la ujenzi. Mkoa wa Hainan ulikuwa umekwenda mbali zaidi Machi 2020, ulipoagiza kwamba nyumba zitakazojengwa katika ardhi mpya ziuzwe zikiwa zimekamilika. Malaysia nayo inaruhusu mfumo ambamo mnunuzi hulipa asilimia 10 mwanzoni na asilimia 90 nyumba inapokamilika. Mifumo hii ina gharama, kwa maana inamtaka mwendelezaji awe na mtaji mkubwa na huweza kuwaondoa wadogo sokoni, lakini inaiweka hatari kwa yule anayeendesha mradi na mwenye uwezo wa kuipunguza.

Afrika Mashariki inalihitaji funzo hili. Mradi wa Dege huko Kigamboni, Dar es Salaam, uliosimama mwaka 2016, ulitumia fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, wala si malipo ya wanunuzi kama ilivyokuwa China, na hilo linaonesha kwamba mradi kiporo unaweza kuzaliwa pia kwa akiba ya wafanyakazi. Kwa kuwa zipo nyumba katika majiji ya Nairobi na Dar es Salaam zinazouzwa zikiwa bado ramani, watunga sheria wanapaswa kudai akaunti ya amana kwa kila mradi, ambayo haichotwi bila saini ya mhandisi na mkadiriaji majenzi wasioajiriwa na mwendelezaji, na ambayo haina ziada inayoachwa huru hadi funguo zikabidhiwe. Mnunuzi naye, kabla ya kulipa hata shilingi moja, aulize fedha zake zitakaa katika akaunti gani na nani ataidhinisha kutolewa kwa fedha hizo. Akikosa jibu la maandishi, asilipe.