Potasiamu 7.1 iliyotoka kwenye kasha

Karatasi ya majibu ya mgonjwa wetu mmeiona: potasiamu 7.1, sodiamu 138, kreatinini safi, na ECG haina hata wimbi moja la T lililochongoka. Mama mwenyewe alikuja kwa miguu na akaondoka kwa miguu. Potasiamu ile haikutoka mwilini mwake. Ilitoka kwenye kasha baridi.

Damu ilichotwa vizuri, tusipotezee muda hapo. Wala msinitajie uchafu wa chupa ya kifuniko cha zambarau, maana EDTA yake ingeishusha kalsiamu, na hii ilisoma 2.3.

Kosa lilifanyika saa nne asubuhi, kwenye kituo kimoja hapa Tukuyu. Fundi akasikia gari la Mbeya linanguruma nje, akaichukua chupa ya kifuniko chekundu, akaizika kwenye barafu bila kuizungusha kwenye sentrifuji. Damu nzima! Ikafika Mbeya mchana, ikalala humohumo barafuni, ikapimwa kesho yake. Ndani ya chembe nyekundu kuna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje, na kinachoizuia humo ni pampu aliyoieleza Jens Skou mwaka 1957 (Nobel wakampa 1997, hilo nalo bado linanikera). Pampu hiyo hutaka joto. Ukiipoza inazubaa, na potasiamu inavuja mdogomdogo. Chembe zenyewe hazipasuki, kwa hiyo seramu inabaki ya manjano safi. Wekundu ungemshtua mtu, huu uvujaji hauna rangi. Kwa baridi yetu ya Julai hata barafu huihitaji: iache chupa dirishani usiku kucha, uone.

"Lakini barafu inatunza sampuli." Inatunza chanjo, ndugu yangu.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sentrifuji ya kuzungusha kwa mkono, mpini wake umeviringishwa kitambaa. Alingoja damu igande nusu saa, akazungusha, akavuta seramu kwa pipeti, akaitia chupa nyingine, ndipo akauliza basi liko wapi. Likimwacha, limemwacha. Sisi tuna ya umeme, tumeifunika kitambaa cha mezani.

Damu ya pili ilizungushwa ndani ya saa moja: 4.3. Daktari alikwisha kumkataza mama yule ndizi. Ndizi, Rungwe! Wiki ya tatu sasa anawapikia wanawe mbalaga ya ndizi, yeye anakula ugali pembeni.