Fanani au Mtoa Habari? Istilahi na Marejeleo katika Utafiti wa Kakuma

Mwanafunzi anaponukuu kitabu cha John Lamphear kuhusu historia ya Waturkana, *The Scattering Time* (1992), hutaja mwandishi, mwaka na ukurasa. Anaponukuu ngano aliyoirekodi Kakuma, aghalabu huandika tu: "mtoa habari, mkimbizi". Hoja ya makala hii ni kwamba kasoro hiyo haitokani na uzembe bali na istilahi iliyoteuliwa.

"Mtoa habari" ni istilahi ya sayansi za jamii. Humchukulia msimulizi kuwa mlango wa kupitia tu. "Fanani", istilahi ya fasihi simulizi, hukiri kwamba yeye ni msanii anayebuni mbele ya hadhira. Anayeitumia hana budi kumtaja msanii huyo kama amtajavyo mwandishi: jina, lugha, mahali na tarehe ya utendaji.

Kwa fanani wa Lodwar, kanuni hii haina utata mkubwa. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, imepokea waliokimbia vita vya Sudan, Somalia na kwingineko. Baadhi yao jina likichapishwa huenda likawahatarisha wao au jamaa zao. Je, tuwasitiri au tuwatambue? Tunapendekeza uamuzi uwe wa fanani mwenyewe: jina lake kamili, lakabu aichaguayo, au herufi tu. Maelezo mengine ya utendaji yabaki, ila yale yanayoweza kumfichua. Bila idhini hiyo, kulifuta jina ni kumnyima fanani kazi yake, hata kama nia ya mtafiti ni njema.