Dirisha la Saar: karata ya ramli iliyogeuzwa kusoma jana

Mwaka 1969, huko Los Angeles, msanii Mmarekani mweusi Betye Saar alichukua fremu kuukuu ya dirisha la mbao na kuifanya uso wa mchoro. Nusu ya juu ya dirisha hilo ina vidirisha tisa vidogo, vimepangwa vitatu kwa vitatu. Chini kuna kioo kimoja kikubwa. Kazi nzima ina urefu wa sentimita 91 hivi na upana wa 46, kiasi cha kubebeka kwapani. Inaitwa Black Girl's Window, yaani Dirisha la Msichana Mweusi, na tangu 2013 iko katika jumba la makumbusho la MoMA mjini New York.

Tuanze na kioo cha chini, kwa sababu ndicho kinachoshika jicho kwanza. Nyuma yake yuko msichana mweusi tititi, kivuli kisicho na pua wala mdomo, amebandika viganja vyake viwili kwenye kioo kana kwamba yuko ndani anatutazama sisi tulio nje. Viganjani mna alama za mwezi na nyota. Sehemu pekee ya uso inayoonekana ni macho, na macho hayo si ya rangi ya brashi: ni picha ya mistari, ya namna ile ya rula za shuleni ambazo ukiziinamisha picha hubadilika. Ukisogea hatua moja yanafumba. Ukisogea tena yanafumbua. Saar hakuhitaji umeme wala mashine kulifanya dirisha limtazame mtazamaji. Alihitaji kipande cha plastiki na miguu yetu wenyewe.

Sasa panda juu. Vile vidirisha tisa vimepangwa kama karata zilizotandazwa mezani na mpiga ramli. Hili halikuja kwa bahati. Saar, aliyesomea usanifu chuo kikuu na baadaye uchapaji wa michoro, alikuwa ametumia miaka ya 1960 kuchapa picha za viganja, nyota, burji na alama za taroti, yaani karata za kupigia ramli. Mwaka 1966 alitengeneza Mystic Window for Leo, akiweka michapo yake nyuma ya vioo vya dirisha. Mwaka uliofuata akaona huko Pasadena maonyesho ya Joseph Cornell, msanii aliyepanga vitu vidogo ndani ya masanduku, na tangu hapo kazi zake zikaanza kupokea vitu vyenyewe pamoja na picha zake. Dirisha la 1969 ni makutano ya mambo hayo yote: rangi, karatasi zilizokatwa, kijisanamu cha plastiki, picha ya kale ya bamba la madini.

Katika vidirisha hivyo umo mwezi na nyota. Yumo simba, maana Saar alizaliwa tarehe 30 Julai 1926 na burji yake ni Asadi, yaani Simba. Yumo tai. Katikati kabisa pamekaa mauti kwa sura ya mifupa ya mtu. Babake Saar alifariki mwaka 1931, yeye akiwa mtoto mdogo, na mwenyewe amesema kwamba mauti yako katikati kwa kuwa kila kitu kinayazunguka. Katika taroti mauti ni karata ya kumi na tatu, moja tu katika safu ndefu. Saar ameiondoa kwenye safu na kuipa kiti cha kati. Kuhamisha karata moja namna hiyo ni uamuzi wa kiufundi, na ndio unaobadilisha usomaji wa nyingine zote.

Vidirisha viwili vinanishika zaidi. Kimoja kina kichwa kilichogawanywa kwa mistari kama ramani ya mashamba. Huo ni mchoro wa frenolojia, elimu bandia ya karne ya 19 iliyodai kusoma akili na tabia ya mtu kwa kupapasa fuvu lake, na ambayo ilitumika kuwaambia weusi kwamba utumwa umeandikwa kichwani mwao. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana habari za mafuvu: la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na likarejea Kalenga mwaka 1954 tu. Ndani ya dirisha la Saar, chati ile imewekwa sambamba na nyota na mwezi, na hapo ndipo anapoivua joho. Sayansi iliyojiona juu ya ramli imeketishwa meza moja na ramli, ionekane ilivyo: ubashiri, tena wenye kinyongo.

Kidirisha cha pili kina ile picha ya kale. Ni ya mwanamke mzungu asiyejulikana. Saar ameeleza kwamba inamsimamia bibi yake mzaa mama, aliyekuwa na asili ya Ireland. Familia nyingi za Marekani zina bibi au babu wa namna hii ambaye hatajwi mezani. Msanii angeweza kumchora. Badala yake alitafuta bamba halisi lililowahi kushikwa na mikono ya watu, akalipa nafasi sawa na karata nyingine.

Ili kuona kwa nini mbinu hii ya kupanga historia kama karata inafanya kazi, inafaa kujua karata zenyewe zilivyoundwa. Seti ya taroti ina karata 78: 22 kuu na 56 ndogo. Katika seti za kale zilizozoeleka, karata ndogo zenye namba zilionyesha idadi tu, vikombe vitatu au panga tano. Mwaka 1909 Pamela Colman Smith, mchoraji aliyezaliwa London na kuishi Jamaica utotoni, aliichorea kampuni ya Rider seti ambayo hata karata ndogo zenye namba, karibu zote, zina watu na tukio. Kuanzia hapo karata ikawa hadithi, na hadithi inaweza kubadilishiwa wahusika. Wasanii wengi waliokuja baadaye kuweka historia ya weusi ndani ya taroti wamepita mlango alioufungua yeye. Smith, ambaye mwaka 1899 alikuwa amechapisha hadithi za buibui mjanja Anansi alizozipata Jamaica, alilipwa kidogo, na alifariki huko Bude, Uingereza, mwaka 1951 akiwa na madeni. Kwa miongo mingi seti yake iliitwa kwa jina la kampuni na la Arthur Waite aliyemwagiza kazi. Jina la Smith lilibaki kwenye alama ndogo pembeni mwa kila karata.

Sarufi ya karata ni fupi: fremu, mtu aliyeelekea mbele, jina chini, na vitu mkononi vinavyosema yeye ni nani. Mnyang'anye mfalme fimbo, umpe kikombe, tayari ni mfalme mwingine. Naisoma kwa sarufi hiyo kazi ya Saar inayojulikana zaidi, The Liberation of Aunt Jemima ya 1972, ingawa haina karata hata moja. Baada ya Martin Luther King kuuawa tarehe 4 Aprili 1968, Saar alianza kukusanya vitu vya kuwadhihaki weusi vilivyouzwa madukani. Kimoja kilikuwa kijisanamu cha Aunt Jemima, yule mwanamke wa jikoni kwenye pakiti za unga wa chapati za maji, kilichotengenezwa kushikilia karatasi za kuandikia. Saar alikiweka ndani ya kisanduku cha sentimita 30 kwa 20. Ukuta wa nyuma aliujaza lebo za unga huo huo. Ufagio aliuacha mkononi, akaongeza bunduki. Pale palipokuwa na karatasi aliweka picha ya yaya mweusi amempakata mtoto anayelia, mtoto wa mchanganyiko wa damu, kwa maelezo ya Saar mwenyewe ishara ya jinsi wanawake weusi walivyotumiwa utumwani. Mbele yake umeinuka mkono mweusi uliokunja ngumi.

Uso ulibaki wa dhihaka ile ile. Hilo ndilo jambo ambalo watengenezaji wengi wa karata za leo wangefaa kulitazama kwa makini. Kuzipaka rangi nyeusi sura za Smith ni hatua njema, lakini mfalme akibaki na kiti na fimbo ile ile, karata bado inasimulia ufalme ule ule. Saar alibadilisha kilichomo mkononi, na uso uliotengenezwa kwa dhihaka ukasema neno lingine.

Kampuni yenye chapa ya Aunt Jemima ilitangaza kuiacha mwaka 2020, na unga ukaanza kuuzwa kwa jina jipya 2021. Mtu wa kwanza kuajiriwa kuigiza Aunt Jemima, katika maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, alikuwa Nancy Green, aliyezaliwa utumwani Kentucky. Aligongwa na gari akafa mwaka 1923. Kaburi lake katika makaburi ya Oak Woods, Chicago, lilikaa bila jiwe la jina hadi Septemba 2020.