Uso wa Keki Uko Chini

Keki nyingine hupambwa mwisho. Keki ya nanasi ya kupindua hupambwa kwanza, kisha pambo lenyewe linafunikwa kwa unga na kuachiwa moto. Kuanzia hapo mpishi haoni tena anachokipika mpaka saa ya kuigeuza. Ndiyo maana naiheshimu kuliko keki zote.

Shangazi yangu wa Mwakirunge, Mombasa, huipika uani, chini ya mwembe, kwa makaa. Hana oveni na sijamsikia akiitamani. Hutia mchanga mkavu ndani ya sufuria pana, upate joto, kisha huitumbukiza humo sufuria ndogo iliyokwisha kutandikwa siagi na sukari vikawa shira ya kahawia. Juu ya shira hupanga nanasi.

Nanasi la shambani lina maji mengi, na maji yakishuka kwenye shira keki hutoka imelowa kama uji. Kwa hiyo hulitoa kiini, akalikata duara jembamba, akalikausha kwanza kwenye kikaango kwa moto mdogo hadi kingo zianze kugeuka rangi. Kazi hiyo haiharakishwi. Msimu wa maembe ukiingia, mwisho wa mwaka, huliacha nanasi akachukua embe aina ya ngowe ambayo haijalainika, maana iliyoiva sana haishiki umbo. Nimewaona watu sokoni Kongowea wakinunua embe kwa kulitazama tu. Yeye hulibonyeza karibu na kikonyo, akalirudisha, akalibonyeza jingine, na mwenye genge akakasirika akitaka.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye moto. Aliyezoea kupalia wali au kupika mkate wa mayai anajua kuweka makaa juu ya mfuniko. Hapa kuna mtihani zaidi, kwa kuwa sukari yote iko chini, na shira ikizidi moto kidogo tu huwa chungu. Shangazi huacha chini makaa machache yaliyokwisha kuvaa jivu, na juu ya mfuniko akapalia mekundu, akichanganya na vifuu vya nazi. Kisha huketi kwenye kibao akasikiliza. Shira ikitokota vizuri hutoa mlio mzito, wa polepole. Mlio ukiwa mwembamba na wa kukatikakatika, mkono wake na koleo vimekwisha fika, kaa moja limetolewa.

“Shangazi, funua kidogo tuone.”

“Ukifunua umelifukuza joto, mwanangu. Kwani pua huna?”

Harufu ya iliki ikitangulia, bado. Ikija ile ya sukari iliyoungua kidogo ikichanganyika na tunda, ndipo hufunua na kuchoma katikati kwa njiti ya chelewa. Ikitoka kavu, hutoa moto wote. Hapo wengi hukosea kwa pupa: keki ikipinduliwa ya moto, shira hutiririka na matunda yakateleza; ikingojwa hadi ipoe, shira hugandia sufuria na nusu ya uso ikabaki huko. Yeye hugusa ubavu wa sufuria kwa mgongo wa kidole. Akiridhika hufunika kwa sinia, akasema Bismillahi, akageuza mara moja bila kusita. Kama kipande kimekaa upande, kila mtu atakiona. Hakuna krimu ya kukifunika.

Huko Marekani keki hii ilienea kwa nguvu ya nanasi la kopo. Mwaka 1911 Henry Ginaca aliunda mashine ya kumenya nanasi na kulitoa kiini, na mwaka 1925 kampuni ya James Dole ya Hawaii ilipoitisha mashindano ya mapishi, katika barua zipatazo 60,000 zilizopokelewa, takriban 2,500 zilikuwa za keki hii hii. Sisi Kenya tuna nanasi la Thika, kwenye kopo na nje ya kopo. Sidhani kopo ni kosa. Ila maduara yaliyokatwa na mashine, yote sawasawa, hayamfundishi mtu kukata.

Kinachoniuma ni moto wa juu. Ukataji miti misituni ulipopigwa marufuku mwaka 2018, makaa yalipanda bei, na misitu siisemi vibaya, inastahili kupumzika. Jikoni pengi gesi imeingia, nayo huwaka chini tu. Anayejua kupika juu na chini amebaki na nusu ya ujuzi wake, na aliye na oveni hubonyeza kitufe akaenda kutazama simu. Malori ya taka ya mjini hupita Mwakirunge kwenda jaani, na ndani yake yamo maboksi ya keki za kununua, krimu imeganda kwenye vifuniko. Watu walilamba pambo wakaacha keki.

Binti mmoja Kiembeni anapika keki za kuuza, na anajua kazi. Nilimwuliza kwa nini hii haiko kwenye orodha yake. Akacheka: wateja wanataka jina la mwenye sherehe liandikwe juu, na rangi ifanane na gauni. “Sasa kwenye nanasi, kaka, ‘Hongera Mwanaisha’ nitaiandika wapi?”